Inama Kwanza, Ndipo Uisifu Bodi ya Lori

Nimechoka kusikia lori likisifiwa kwa taa zake. Majuzi pale senta ya Kuluva, kwenye barabara itokayo Nebbi kuja Arua, huku West Nile, Uganda, ilisimama Fuso iliyotoka tu kuundwa bodi mpya. Vijana wakaizunguka, simu mkononi. Ilikuwa na rangi tano, taa za buluu uvunguni, taa za kijani ubavuni, tai wa stika kwenye mlango wa nyuma, na bampa linalong'aa kiasi cha mtu kuweza kunyolea ndevu mbele yake. "Hii ndiyo kazi!" akasema mmoja, na wenzake wakaitikia. Hakuna hata mmoja aliyeinama.

Niliinama mimi, pamoja na magoti yangu haya. Nyuma tu ya kebini nikaona kitu ambacho, katika gereji za zamani za Arua, kingetosha kumfukuzisha kazi spanaboi, mwanagenzi wa gereji, kabla ya chai ya saa nne. Nitakieleza kwa kirefu huko mbele, kwa sababu ndicho ambacho asiyejua kazi hakioni kamwe, hata ukimwonyesha kwa kidole. Ila kwanza tuyamalize yale ambayo watu wazima hawana haja ya kuyabishania.

Rangi na maneno

Rangi ziwe tatu: moja ya mwili, moja ya nguzo, moja ya maandishi. Anayeongeza ya nne ana jambo analificha. Madigadi ni meusi. Usiniulize kwa nini. Madigadi ni meusi.

Maandishi huandikwa kwa brashi, na mtu aliyesimama juu ya kreti ya soda, ulimi umemtoka kidogo pembeni mwa mdomo. Stika si maandishi. Jua la Februari likiipiga miezi miwili huanza kujikunja pembe, na ikibanduka huacha kivuli cha herufi kwenye rangi. Maneno ya mlango wa nyuma yawe mafupi, dereva anayekufuata ayamalize kabla hujafunga breki. Jina la mama mzazi linaruhusiwa. Jina la mchezaji mpira wa Ulaya haliruhusiwi, kwa sababu mchezaji huhama timu na lori hubaki na aibu yake.

Sisemi kwamba urembo ni dhambi. Nairobi wana nganya zao, yaani matatu za kurembwa, na mwenye macho hawezi kuzidharau. Kule watu wamekuwa wakishindana kwa bodi, michoro na muziki tangu zama zilipokuwa zikiitwa manyanga, na hata Sheria za waziri Michuki za mwaka 2004, zilizowaletea mstari wa manjano, mikanda na vidhibiti mwendo, hazikuwakatisha tamaa. Mchoraji mzuri wa nganya anajua kivuli kinaangukia wapi na uso wa mtu unageukia upande gani. Lakini nganya hubeba abiria juu ya lami, na jioni hulala mjini. Lori la huku hubeba magunia ya mahindi kwenda kwenye makazi ya wakimbizi ya Bidibidi na Rhino Camp, saruji kwenda Yei, Sudan Kusini, na likirudi hubeba mbao. Vijana wetu wameiga taa za Nairobi, wakasahau kwamba taa hazibebi mzigo.

Puti

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kwenye bodi za siku hizi afadhali ungeukuta huo mti. Ndani ni puti tupu.

Puti ina kazi yake halali: kuziba mkwaruzo, kusawazisha mahali nyundo ilipoacha kovu. Unene wa kucha unatosha. Ukizidi hapo si puti tena, ni ukuta. Namna ya kuijua ni rahisi na haina gharama. Chukua sumaku ya spika kuukuu, ifunge kitambaa chembamba usije ukakwaruza rangi ya watu, kisha itembeze ubavuni mwa kebini. Penye bati itavuta. Penye puti nene itateleza. Nimewahi kuona kebini ambayo sumaku ilianguka kuanzia kwenye taa hadi kwenye bawaba ya mlango bila kushika popote. Mwenye lori alikuwa pembeni yangu, akasema labda sumaku imeisha nguvu.

Kama huna sumaku, nenda asubuhi, jua likiwa bado limelala. Simama kwenye kona ya nyuma, jicho moja ulifumbe, tazama ubavu mzima hadi kwenye kioo cha dereva. Mwanga ukipita umenyooka, fundi alinyoosha bati. Ukipita unatetemeka, alimwaga puti akaisugua kwa msasa mpaka mkono ukachoka. Usinunue lori saa sita mchana. Saa sita mchana kila bodi ni nzuri.

Wamarekani, ambao ndio waliolifanya gari la kuundwa upya kuwa karibu na ibada, walipitia haya kabla yetu. Baada ya vita kuisha mwaka 1945, vijana wengi waliotoka jeshini walijinunulia Ford kuukuu, hasa zile za mwaka 1932 zenye injini ya V8, wakang'oa madigadi na kila kilichoongeza uzito, wakaenda kushindana kwenye maziwa yaliyokauka ya California. Mwaka 1948 wakapata na gazeti lao, Hot Rod. Wengine hawakutaka mbio, walitaka umbo. Karakana ya ndugu wawili, George na Sam Barris, iliichukua Mercury ya mwaka 1951 ya kijana aitwaye Bob Hirohata, ikakata nguzo za madirisha na kulishusha paa, na mpaka leo wapenzi wa mambo hayo huitaja kwa heshima. Mafundi wa zama zile walisawazisha maungio kwa madini ya risasi yaliyolainishwa kwa moto, wakiyasambaza kwa kibao na kuyasawazisha kwa tupa. Risasi haimsamehe mvivu: bati lisiposafishwa hadi liwe jeupe, haishiki. Ilipokuja puti ya kopo, hata mvivu akaweza kuitwa fundi. Ugonjwa huo ukavuka bahari, ukatufikia.

Mbao

Sakafu ni ya mvule. Kuna watu watakuambia mkaratusi nao ni mgumu, na ni kweli, mgumu wa kupasuka. Mkaratusi uliokatwa ukiwa mbichi hujikunja ukikaukia ndani ya bodi, ukang'oa bolti zake wenyewe. Mvule hukaa. Mvua inaunyeshea, jua linauchoma, mchwa wanaunusa na kwenda zao.

Tatizo ni kwamba mvule umeadimika, na penye uhaba hapakosi mwerevu. Wapo wanaopaka mkaratusi vanishi yenye rangi ya kahawia, wakauita mvule. Usibishane nao. Toa kisu, kwaruza ncha ya ubao mahali pasipoonekana. Mvule wa kweli ndani ni wa manjano kuelekea kahawia, na ukiachwa juani huzidi kukoza. Uliopakwa, chini ya vanishi utakuta weupe wa maziwa ya chai. Dalili nyingine wanaijua wapasua mbao: mvule una mawe. Ndani ya mti hujitengeneza vipande vigumu vya chokaa, na msumeno ukikutana navyo hutoa cheche na kupoteza meno. Fundi seremala mmoja mzee wa Kinubi hapa Arua aliviweka vijiwe hivyo kwenye kopo la Blue Band juu ya rafu. Mteja akilalamikia bei, yeye hakusema neno. Alilishusha kopo, akalitikisa, akalirudisha.

Bolti za sakafu na za ubavu ziwe za kichwa cha mviringo, na kichwa kikae ndani, nati nje. Ukikuta nati ziko ndani, fundi huyo hajawahi kupakia magunia maishani mwake, maana kila nati ni meno, na kila safari utarudi na magunia yaliyochanika. Mlango wa nyuma ukifungwa utoe mlio mmoja. Ukitoa miwili, bawaba hazikupangwa mstari mmoja. Ukitoa mitatu, usiulize chochote, ondoka.

Na bodi isiipite kebini kwa urefu zaidi ya mkono mmoja wa mtu mzima. Hilo nililikuta hivyo, na nitaliacha hivyo.

Inama sasa

Haya. Piga goti nyuma ya gurudumu la mbele, upande wa dereva, tazama juu ya chesi pale bodi inapoanzia. Utaona mbao mbili ndefu, au vyuma viwili, vinavyolala juu ya chesi kutoka nyuma hadi karibu na mgongo wa kebini. Juu yake ndipo palipojengwa bodi yote: mihimili ya kukingama, sakafu, nguzo, ubavu. Watu hutazama mihimili, huhesabu nguzo, hupiga ubavu mateke. Wewe tazama kitu kimoja tu: zile mbao mbili ndefu zinaishaje upande wa mbele.

Zikiwa zimekatwa mraba, kama za ile Fuso ya Kuluva, mwisho umesimama wima na kona kali kama tofali, funga mkoba wako.

Zikiwa zimechongwa mshazari, unene unapungua taratibu kuanzia umbali wa mkono mmoja hivi mpaka mwisho unabaki mwembamba, na ule mdomo wa chini unaogusa chesi umeviringwa kwa tupa usiwe na ukali, basi mbele yako kuna kazi ya mtu aliyefundishwa. Mengine yote unaweza kumsamehe. Hata rangi ya nne.

Nitaeleza sababu, maana hili si suala la ladha. Chesi ya lori ni mihimili miwili yenye mdomo wazi upande wa ndani, iliyounganishwa kwa vyuma vya kukingama. Waliobuni lori walitaka ijipinde. Gurudumu la mbele la kushoto likipanda jiwe na la kulia likizama shimoni, chesi hujisokota kidogo, kisha hurudi. Ndiyo pumzi yake. Bodi haitaki kusokotwa. Bodi ni sanduku. Kwa hiyo una kitu kinachojipinda, na juu yake kitu kigumu. Chesi yote iliyo chini ya sanduku inatulizwa na ugumu wa sanduku; iliyo mbele yake, chini ya kebini, iko huru. Mapigo ya barabara yote yanakusanyika pale mpakani, ugumu unapokoma.

Ugumu ukikoma taratibu, mapigo yanagawana urefu wa mkono mzima. Ukikoma ghafla, yanaangukia mstari mmoja mwembamba kuliko uzi, mara elfu kwa safari. Watu hudhani chuma huvunjika mahali palipo dhaifu. Kwenye lori, chuma huvunjika mahali nguvu zinapokwisha ghafla.

Ugonjwa wenyewe huja kwa hatua, na mwenye kujua huusoma mapema. Kwanza rangi ya chesi inabanduka chini ya ile kona kali. Kisha panabaki mstari unaong'aa, chuma kitupu, kana kwamba mtu amepitisha kisu. Baadaye, mvua zikianza, mstari unageuka mwekundu wa kutu. Wengi wanaona kutu, wanapaka rangi. Siku moja unatokea ufa mwembamba kutoka ukingo wa juu wa chesi ukishuka chini, na kuanzia hapo lori si lori tena, ni kesi. Litavunjikia mahali pasipo na mtandao wa simu, limejaa, usiku.

Mwalimu wangu alikuwa na kipimo chake. Bodi ikishafungwa, alichukua karatasi ya ndani ya paketi ya sigara, akaisukuma kati ya mdomo wa ubao na chesi. Ilipaswa kuingia kwa urefu wa pingili moja ya kidole gumba, kisha ikwame. Isipoingia kabisa, mdomo haukuviringwa. Ikiingia ikapotea, ubao haukulala vizuri juu ya chesi. Katika hali zote mbili spanaboi alifungua kila kitu na kuanza upya, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba mwenye lori anasubiri.

Ukiwa bado umeinama, tazama pia jinsi bodi ilivyoshikwa. Bodi haichomelewi kwenye chesi. Narudia kwa sauti kwa ajili ya wale wa mashine za kuchomelea waliojaa kila kona ya mji: bodi haichomelewi kwenye chesi. Chuma cha chesi kina uimara wake kiliopewa kiwandani, na moto wa kuchomelea unauharibu pale pale ulipogusa. Wala kingo za juu na za chini za chesi hazitobolewi. Bodi hufungwa kwa yubolti zinazoizunguka chesi na zile mbao, na ndani ya ule mdomo wa chesi, mahali kila yubolti inapobana, hupachikwa kipande cha mbao ngumu ili nati ikikazwa kingo za chesi zisijikunje. Ila karibu na bomba la moshi kipande hicho huwa cha chuma. Nadhani sihitaji kueleza mbao kavu na bomba la moto hufanyaje vikikutana.

Bila kile kipande cha ndani, yubolti hukazwa leo na hulegea kesho, kwa sababu inabana chuma kinachokubali kukunjika. Fundi hodari hukipachika ingawa anajua hakuna mteja atakayekitazama. Kwa wazee wetu, hapo ndipo palipokuwa mpaka kati ya fundi na mfanyabiashara ya mbao.

Na wajanja hawalali. Wenye malori walipoanza kusikia kwamba mbao zichongwe mshazari, fundi mmoja, jina lake nalihifadhi kwa heshima ya mama yake, akaanza kutumia vyuma vilivyokatwa mraba kama kawaida, kisha akabandika ubavuni mwa vyuma hivyo kipande cha mbao kilichochongwa mshazari mzuri, kikapakwa rangi. Ukitazama kwa nje unaona ncha safi. Ukipitisha kidole kwa ndani unakuta kona kali imekusubiri. Kwa hiyo usitazame tu. Pitisha kidole.

Kurefusha chesi

Kanuni ni ile ile. Wenye malori wanapenda kuyarefusha ili yabebe zaidi, na gereji hukata chesi katikati na kuongeza kipande. Inawezekana kufanywa vizuri. Sharti maungio yatiwe kiraka cha bamba kwa ndani, na kiraka hicho ncha zake zichongwe kuelekea ukali wa pande mbili, zisiishe wima. Ukikuta kiraka cha mraba, umeukuta ule ubao wa mraba kwa sura nyingine. Uchomeleaji ukiwa umefunikwa kwa rangi nyeusi nzito ya lami, uliza kwa upole kwa nini. Chomeleo zuri halivai nguo.

Walipotoka mafundi

Siwezi kuzungumzia kazi hii bila kuwataja Makalasinga, yaani Masikh wa asili ya India, ambao babu zao waliletwa na ujenzi wa Reli ya Uganda ulioanza Mombasa mwaka 1896. Maseremala na wahunzi wale ndio waliowafundisha wengi Afrika Mashariki kwamba mbao na chuma vinaweza kuelewana. Joginder Singh wa Kenya alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva, na aliposhinda mbio za magari za Safari za mwaka 1965 pamoja na nduguye Jaswant, gari lao lilikuwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, iliyofunguliwa na kufungwa upya na watu waliojua kila nati iko wapi. Magari mapya yaliachwa nyuma.

Kisha ikaja Agosti 1972. Idi Amin, ambaye watu humhesabu kuwa wa kwetu Koboko, aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Gereji zikabaki na spanaboi. Vipuri vikakauka. Ndipo kizazi cha walimu wangu kilipolazimika kuunda kile ambacho zamani kiliagizwa: springi za Bedford zilikatwa kutoka kwenye springi za kitu kingine, madirisha ya kebini yakawa ya mbao, na Benz 911 zenye pua ziliendelea kutembea ingawa nusu ya kilichokuwa chini yake hakijawahi kuiona Ujerumani. Serikali ya Amin ilipoanguka mwaka 1979, na watu wa West Nile wakakimbilia Zaire na Sudan, mafundi nao wakaenda na visanduku vyao vya vifaa. Kule Ariwara, upande wa Zaire, walikutana na barabara ambazo hazina huruma hata kidogo, na ndizo zilizowakamilishia masomo.

Kuluva yenyewe ina sehemu yake katika historia hii, ingawa vijana waliokuwa wakipiga picha pale senta hawaijui. Mwaka 1961 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago mjini Kampala aliyekuwa akifuatilia uvimbe wa taya za watoto, aliamua kuzunguka hospitali za Afrika Mashariki na Kusini kutafuta ugonjwa huo unaanzia wapi na unaishia wapi. Kwa safari hiyo ilinunuliwa Ford ya stesheni wagoni ya mwaka 1954, iliyokwisha kula miaka saba, kwa pauni 250. Wasafiri walikuwa madaktari watatu: Burkitt, Cliff Nelson, na Ted Williams wa Hospitali ya Kuluva. Williams alijua kutibu watu na alijua kutibu magari, na ndiye aliyekuwa fundi wa safari. Walitembea maili 10,000, sawa na kilomita 16,000, kwa majuma kumi, wakarudi Kampala na ramani iliyoubadilisha utafiti wa saratani duniani. Hakuna aliyelipiga picha gari lile kwa sababu ya rangi yake.

Wakati ule kutoka Pakwach kuja Arua ilikuwa changarawe, na lori lililofika na bodi yake nzima lilikuwa limefaulu mtihani mbele ya watu wote. Leo kuna lami kutoka Karuma, na kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba kuna kilomita 92 za lami. Nashukuru, mgongo wangu unashukuru zaidi. Lakini lami imewapa mafundi wabovu miaka miwili ya neema. Ufa uliokuwa ukitokea mwezi wa kwanza sasa hutokea baada ya fundi kubadilisha namba ya simu.

Bodi za zamani zilikuwa na sauti yake. Lori likipita tupu ungesikia mbao zikizungumza kwa pamoja, nzito, bila mlio wa chuma kugonga chuma. Mama zetu waliweza kusema lori la nani limepita bila kutoka jikoni. Siku hizi malori yanapita yakilia kama makopo, na redio ya dereva imefunguliwa mpaka mwisho ili asisikie.

Ukienda kuunda

Fundi mmoja wa Ariwara alikuwa na desturi ninayotaka irudi. Hakupiga rangi bodi mpya. Aliitia prima tu, akampa mwenye lori, akamwambia apakie, aende safari moja, arudi. Likirudi alilala chini yake kwa saa nzima, akakaza upya kila nati ya yubolti, maana mbao hujibana na kukaa baada ya mzigo wa kwanza, na nati zote hulegea kidogo hata kazi iwe nzuri namna gani. Akitosheka, ndipo alipotoa brashi. Alikuwa akisema rangi ni ya lori lililorudi.

Nawe fanya hivyo. Lipa sehemu, zuia sehemu. Chukua lori likiwa na prima, lipakie mzigo halali, liende Koboko mpaka Oraba, lirudi. Nenda nalo gereji asubuhi, inama pamoja na fundi, pitisha kidole kwenye ncha za mbao, tazama kama rangi ya chesi imeanza kubanduka chini yake, mwone akikaza nati mbele ya macho yako. Fundi anayekubali masharti hayo mlipe yote, usimpunguzie hata shilingi. Anayekuambia hakuna haja, kwamba kazi yake haihitaji kurudiwa, kwamba hebu tazama kwanza hizi taa, chukua lori lako uondoke, hata kama ameshalipiga rangi.